Swala kwenye basi la Mwanza: mie ninavyofanya

Nauza dagaa Dar, nanunua Mwanza, Mwaloni pale Kirumba. Barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na miaka ya mwanzo nilikuwa nafika nimeharibu swala tatu kwa kutojua tu. Siku moja niliunganisha Alasiri na Magharibi, nikajiona mjanja. Mama mmoja mtu mzima, wa siti ya pili yangu, akaniangalia nikitoa salamu ya kumaliza swala akaniambia, "Mwanangu, hizo mbili hazikutani." Hapo ndipo nilipokwenda kukaa chini ya maalimu wa mtaani kwetu nikafundishwa. Ninayoandika hapa ni ya madhehebu ya Shafii, tunayofuata wengi pwani. Wa madhehebu mengine amuulize mwanachuoni wake.

Anza na umbali. Ruhusa ya kukusuru, yaani kufupisha swala, ni kwa safari ya marhala mbili (kipimo cha safari cha zamani) kwenda, ambazo kwa vipimo vya leo hukadiriwa kilomita 80 na kitu, na iwe safari isiyo ya maasi. Dar kwenda Bagamoyo hupati. Chalinze unapata, Morogoro ndiyo kabisa. Na ruhusa haianzii kitandani wala stendi, inaanza ukishautoka mji. Mie basi likiwa Mbezi bado najihesabu wa nyumbani, na kwa kuwa nyumba zimefuatana njia nzima, sikusuru mpaka Kibaha iwe nyuma yangu.

Alfajiri haikusuriwi wala haiunganishwi na kitu. Isali stendi kabla ya kupanda. Basi likiondoka kabla ya adhana, zungumza na konda mapema, tena kwa adabu, kabla hajaanza kugombana na watu wa mizigo.

Zinazokusuriwa ni tatu: Adhuhuri, Alasiri na Isha, kila moja kutoka rakaa nne kuwa mbili. Magharibi ni tatu popote ulipo. Zinazokutana, yaani kusaliwa pamoja kwa wakati mmoja, ni Adhuhuri na Alasiri, kisha Magharibi na Isha, basi.

Sasa kazi yenyewe. Tuseme basi limesimama Dodoma saa nane mchana, konda anapiga kelele "dakika kumi na tano!" Watu wanakimbilia chipsi na kuchimba dawa. Wewe shuka na chupa yako ya maji. Usitawadhe ndani ya basi ukaona umemaliza: kwa Shafii, ngozi ya mwanamke ikigusana na ya mwanamume asiye maharimu wake (ndugu asiyeweza kumuoa), udhu umekwenda, na ile njia katikati ya siti mnaijua ilivyo. Mie navaa mikono mirefu na soksi, natawadha chini, tena karibu na pale nitakaposali. Nusu lita inatosha ukijua faradhi: nia, uso, mikono mpaka viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, miguu mpaka vifundo, kwa mpangilio huo. Kuosha mara moja moja kunatosha. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, maji ya kujaa viganja viwili vya mtu wa kawaida, kwa hiyo usiniambie lita tano.

Kibla Dar ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Ukielekea Mwanza kinainama kidogo mashariki. Simu ikizima, jua la alasiri liweke mkono wako wa kushoto.

Simama, na wakati wa takbira ya kuhirimia, ile ya kufungulia swala, moyo ukusudie Adhuhuri, rakaa mbili, kusuru. Nia hiyo ikichelewa mpaka katikati ya swala, unakamilisha nne. Kabla hujatoa salamu uwe umenuia pia kuikusanya na Alasiri. Ukitoa salamu, kimu (soma ikama), uingie Alasiri papo hapo. Usisali sunna katikati, usijibu simu, usiulize bei ya mahindi. Zote mbili zinakula dakika sita hivi, chipsi utazikuta.

Ukikuta jamaa wa pale wanasali na imamu ambaye si msafiri, ukimfuata utasali nne, hata ukimkuta kwenye tahiyatu ya mwisho. Mie nikiwa na haraka nasali pembeni peke yangu.

Na basi lisiposimama? Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Wakati wa Adhuhuri haujatoka, ukiwa umekaa kwenye siti yako, nuia kuichelewesha uisali pamoja na Alasiri. Nia hiyo ni ya moyo, haigharimu kitu, lakini bila hiyo umeiacha swala ipite, una dhambi na deni la kuilipa juu. Mie nilikuwa nanyamaza tu nikidhani safari yenyewe inatosha.

Ikiwa hata wakati wa ya pili unakatika na dereva hataki kusimama, sali ulivyo kwa kuheshimu wakati, kisha ukishuka uirudie kwa masharti yake yote. Ile ya kitini peke yake haikutoshelezi kwa fardhi.

Ukifika Mwanza, hesabu siku. Ukinuia kukaa siku nne kamili, bila ya siku ya kuingia na ya kutoka, wewe ni mkazi, sali nne toka unapofika. Kwangu mimi jambo hili linafuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika. Nikifika nikaambiwa mzigo mpaka giza lirudi, wiki nzima, hapo sina kusuru. Lakini nikifika giza lipo, dagaa wameanikwa, mvua tu ndiyo inachelewesha na kila asubuhi naambiwa "kesho unapakia", naendelea kukusuru, hata hiyo kesho ikisogea, mpaka siku 18.

Kurudi ni vilevile, ila jichunge mwisho wa njia. Magharibi na Isha nazimaliza Morogoro, tatu na mbili. Siku ambayo foleni ilinikamata, nikashuka Mbezi usiku sijasali Isha, niliisali nne, kanga imejaa harufu ya dagaa.