Kabla Mvua za Novemba Hazijashika: Maji, Udhu na Kinga ya Maradhi

Huku Mbeya mvua zikishashika Novemba haziachii mpaka Aprili au Mei. Kwa hiyo Oktoba hii ya vumbi ndiyo ya kujiandaa, nyumbani na msikitini, kabla mafuriko hayajasomba uchafu na kuuingiza visimani.

Anzeni na choo. Mtume Muhammad (s.a.w.) alikataza kukojoa kwenye maji yaliyotuama, akaonya pia juu ya kujisaidia penye maji ya watu, njiani na kivulini. Shimo lililokaribia kujaa linyonywe sasa, gari likiwa bado linapanda njia zetu za mlimani. Kama kisima kiko chini ya choo kwenye mteremko, maji yake msiyanywe bila kuyachemsha, hata yawe maangavu namna gani.

Halafu vyombo. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kitabu cha Hadithi za Mtume, amri ya kufunika vyombo na kufunga viriba usiku. Leo viriba vyetu ni ndoo na madumu: kila kimoja kiwe na kifuniko chake, na kata ya kuchotea yenye mpini mrefu ili vidole visiguse maji. Aliyeamka usingizini ameamrishwa aoshe mkono mara 3 kabla ya kuutia chomboni, kwa kuwa hajui ulilala wapi. Wafundisheni watoto hilo mapema. Maji ya kunywa nayo, kwa kuwa tunaishi juu, yapata mita 1,700, hutokota kabla ya kufika nyuzi 100. Yaacheni yatokote dakika 3.

Msikitini ndiko kunakoniumiza. Nimeswali mahali penye marumaru za kung'aa, lakini chooni hapakuwa na kipande cha sabuni. Udhu ni ibada, nao hausimami badala ya sabuni kwa mtu aliyetoka kuchamba. Wekeni sabuni, tengeni makopo ya chooni na birika za udhu, na pigeni brashi tangi kabla ya mvua. Maji yakikatika msihangaike: Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, ambacho hakifiki hata lita.

Wazee wetu hukwepa maji kwa ajili ya baridi. Wapashieni moto, hakuna ubaya. Sahaba Amri bin Al-As alipata janaba, yaani hali inayomlazimu mtu kuoga kabla ya swala, safarini usiku wa baridi kali, akahofia nafsi yake, akatayamamu, yaani akajipaka vumbi badala ya kuoga. Mtume alipopata habari alicheka na hakumlaumu.

La mwisho lizungumzwe na familia nzima kabla mtu hajaugua. Mtume alisema tauni ikiwa katika nchi msiingie, na mkiwa ndani msitoke kuikimbia. Naye Khalifa Umar bin Khattab, aliposikia kuna tauni Sham (Syria na jirani zake), aligeuza msafara wake pale Sargh, njiani kuelekea huko, akasema tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Basi kubalianeni: anayeharisha haendi swala ya jamaa, wala hashiki mwiko kwenye pilau la hitima. Wekeni akiba ya pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini; moja huchanganywa na lita 1 ya maji safi. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, kwa hiyo mgonjwa aanze kunywa palepale, hata mkiwa njiani kumpeleka zahanati.