Somo: Kuhamisha injeksheni ya pampu ya hot rod kwenda mfumo wa umeme

Wakuu, swali la jinsi ya kuhamisha injeksheni ya hot rod (gari la zamani lililoongezewa nguvu) kwenda mfumo wa umeme nimelijibu hadi nimechoka, kwa hiyo naliandika mara moja. Nazungumzia mifumo ya pampu kama ya kampuni ya Hilborn: V8 (injini ya silinda nane) yenye koo nane za hewa zilizosimama wima, na pampu ya mafuta inayozungushwa na injini yenyewe. Koo zinabaki, sura haiguswi.

1. Mwaga mafuta yote, osha, kausha. Hujakausha, usichomelee.

2. Funga nozeli za umeme chini ya vipepeo (visahani vinavyofungua na kufunga koo ukikanyaga pedali). Kwa hp 400 za petroli, nozeli nane za cc 330 kwa dakika zinatosha.

3. Pampu ya umeme, filta, regyuleta ya bar 3 na mrija wa kurudi tangini. Mipira ya zamani tupa yote.

4. Gurudumu la meno 36 lenye pengo la jino moja kwenye krenki, pamoja na sensa yake. Kisha sensa za joto la maji na la hewa, na ya oksijeni kwenye ekzosi.

5. Ishara ya mzigo, yaani ya kuiambia kompyuta ya injini inavyofanya kazi kwa nguvu kiasi gani. Hapa ndipo wengi huchemka. Kila koo linapumua kivyake, hivyo ukichukua vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye koo moja, sensa inaona mvuto mmoja kila mizunguko miwili ya krenki na usomaji unarukaruka. Toboa koo zote nane chini ya kipepeo, leta mirija myembamba kwenye kijisanduku kimoja, kisha mpira mmoja uende kwenye sensa. Hata hivyo, kamshafti (shafti inayofungua vali) ikiwa kali, vakyumu inapotea ukigusa tu pedali. Kwa hiyo mzigo usomwe kwa pembe ya kipepeo. Vakyumu isaidie kwenye sailensi (injini ikiwaka bila kukanyaga pedali). Jedwali la mafuta ndani ya kompyuta liwe na mistari mingi pale kipepeo kinapoanza kufunguka, maana hewa hubadilika sana hapo.

ONYO: usiguse jedwali kabla ya kulinganisha vipepeo kwa kipima hewa, koo moja baada ya jingine. Kimoja kikizidi kufunguka, silinda ile inakosa mafuta na kumisi, nawe utailaumu kompyuta.

ONYO la pili: sensa ya pembe ifungwe kwenye shafti ya kipepeo, si kwenye fimbo za pedali. Fimbo zina mchezo, zinalegea.

Swali: Nimefunga kila kitu, haiwaki. Tatizo nini?
Jibu: "Kila kitu" ni nini? Kompyuta inasoma mizunguko ukipiga stata? Kama haisomi, rudi namba 4.

Swali: Pampu ya zamani siwezi kuiacha ifanye kazi?
Jibu: Hapana. Namba 3.

Swali: Mkuu, kwa nini mfumo wa zamani unatamba kwenye mashindano lakini barabarani unasumbua?
Jibu: Swali zuri. Pampu ile inafuata mizunguko, haipimi hewa. Vali iliyounganishwa na vipepeo inapunguza mafuta, na jeti ya kurudisha inapeleka ziada tangini. Ukikanyaga mpaka mwisho, hesabu inakubali. Ukikanyaga nusu, au ukipanda mlima ambako hewa ni nyepesi, mafuta yanazidi na plagi zinalowa. Mashindanoni fundi hubadilisha jeti kufuata hali ya hewa ya siku hiyo.

Swali: Na magneto (kifaa cha zamani cha kutoa cheche za plagi) je?
Jibu: Itoe, kompyuta haiwezi kuiamuru muda wa cheche.

Swali: Mimi natumia methanoli.
Jibu: Basi sahau cc 330. Methanoli inataka zaidi ya mara mbili ya petroli, na inakula alumini ikilala kwenye mirija. Pitisha petroli kabla ya kuliegesha.

Swali: Pampu ya zamani ikitoka, mbele ya injini panabaki uchi.
Jibu: Rudisha gamba tupu la pampu: toa gia za ndani, ziba matundu, ng'arisha.