Maharage yaive kwenye blanketi

Tangu mkaa upande bei, napika maharage hivi. Loweka usiku kucha, maji yale mwagia mchicha. Weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali dakika 15 (usizipunguze, maharage mekundu yasipochemka sawasawa huumiza tumbo). Epua sufuria ikiwa bado inatokota, izungushie kanga kuukuu, kisha blanketi zito, itie kapuni masaa 4. Joto linakosa pa kutokea, hivyo maharage yanaendelea kuiva bila moto. Usichungulie! Ukifunua mara moja tu, mvuke umekwenda. Sufuria isiyofika nusu hupoa mapema, na maharage yaliyokaa sana ghalani hayalainiki. Hayo yarudishe jikoni. Nazi utie mwishoni, ukipasha.