Picha kwanza, vyuma baadaye

Mimi ni fundi mitumbwi hapa Igombe, si daktari. Ila tangu binti yangu wa pili awekwe vyuma vya meno, wazazi wenzangu hunisimamisha mwaloni: hivi zile picha za eksirei mlizopigwa kwanza zina kazi gani, au ni kuliwa hela tu? Nimechoka kujibu mmojammoja.

Alikuwa na miaka 12. Chonge yake ya juu kulia ilishaota, ya kushoto ilikuwa bado ile ya utotoni, kadogo kama punje ya mchele. Bibi yake akasema ing'olewe, na mimi nilikuwa karibu kukubali. Daktari wa meno mjini akapapasa ufizi akitafuta kivimbe cha jino kubwa linalokuja, hakukipata. Akasema hagusi kitu mpaka aone picha. Picha ilipotoka, chonge ya kudumu kumbe ipo, imelala mshazari kuelekea kwenye kaakaa, ncha yake imeegemea mzizi wa jino la jirani. Kile kijino cha utotoni kiling'olewa kweli, ili mwenzake apate njia, na bibi anajisifu mpaka leo. Lakini laiti tungeng'oa kwa kubahatisha, nani angejua kama chini yake kuna jino au hakuna chochote? Wapo watoto ambao la kudumu halikuumbwa kabisa.

Kwa hiyo ukipewa karatasi ya kupiga picha, uliza ni picha gani na daktari anatafuta nini. Iliyo ya kawaida ni picha pana ya mataya yote mawili; watu wa mionzi huiita OPG. Mashine inakuzunguka kichwa kwa sekunde chache, na unaona meno yaliyoota na yaliyojificha, mizizi yake, na magego ya mwisho yanavyojipanga huko nyuma.

Ya pili hupigwa ubavuni mwa kichwa, huku vijiti viwili vikishika masikioni ili kichwa kisicheze. Hii ndiyo iliyonifurahisha, maana ni kazi kama yangu. Mtumbwi ukilala upande, fundi mchanga hukimbilia mbao. Mwenye kujua huangalia mkuku kwanza, ule uti wa mbao wa chini. Meno yakichomoza mbele, inawezekana meno yenyewe yameinama, inawezekana pia taya la chini ni fupi. Ukitazama kinywani ni kitu kimoja, ila tiba zake ni mbili tofauti. Daktari huchora mistari juu ya picha hiyo na kupima pembe, namna iliyoanza kuelezwa mwaka 1931 na Broadbent kule Marekani na Hofrath wa Ujerumani. Mtoto ambaye bado anakua, taya lake linaweza kuongozwa. Mtu mzima mwenye tofauti kubwa huenda akahitaji upasuaji.

Kuna pia picha ya pande tatu. Hiyo ni ya jino lililojificha pabaya, pale picha pana inaposhindwa kusema limekaa mbele au nyuma ya mizizi ya wenzake. Mionzi yake ni mingi zaidi, usiiombe kwa sababu inapendeza.

Sasa maandalizi, maana hapa ndipo nilipopoteza hela. Mara ya kwanza binti alikwenda na rasta zenye shanga na hereni za chuma. Hereni ya kulia ikatokea upande wa kushoto wa picha, juu zaidi, kama kivuli cha ukungu, na shanga zikatapakaa juu ya mataya. Tukarudia. Siku moja kabla, msuke mistari ya kawaida bila vibanio. Vua hereni, kipini, cheni, miwani, na pini za hijabu. Kwenye mashine mtoto huuma kijiti kwa meno ya mbele, hufunga midomo, hubandika ulimi kwenye kaakaa, na hatingishiki. Sisi tulifanya mazoezi uani: yeye ameuma penseli, mimi namzunguka na ndoo kichwani. Mama yake alicheka, lakini picha ilitoka safi.

Mionzi isikutishe kupita kiasi. Picha pana moja kwa mashine nzuri ni sawa na mionzi tunayoipata kwa siku chache tu kutoka ardhini na angani. Mjamzito aseme mapema. Na mtu akikwambia irudiwe, muulize ya kwanza imekosa nini. Mashine hizi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, kwa hiyo kuulizia kibali si utovu wa adabu.

Kosa langu la pili: niliiegemeza filamu dirishani, nikaipiga kwa simu, nikamtumia daktari. Akanijibu kwamba mwanga ameuona, vipimo hajaviona. Ikanigharimu nauli ya daladala kwenda na kurudi. Omba faili lenyewe kwenye flashi au kwa barua pepe, likiwa na jina na tarehe. Ukipewa filamu, itie kwenye bahasha ngumu na usiikunje. Na usiiache karibu na dagaa, harufu haitoki.

Vyuma vikishawekwa, usishangae ukiagizwa picha nyingine baada ya miezi kadhaa. Kuyasukuma meno kunaweza kufupisha ncha za mizizi kidogo, na daktari anataka kujua kama apunguze nguvu au apumzike. Yetu ilionyesha mizizi iko salama, na ile chonge iliyokuwa imelala imeshavutwa karibu kufika mahali pake. Faili liko kwenye flashi yangu, folda moja na hesabu za mbao za mtumbwi wa mteja wa Ukerewe, na nisipoangalia nitamtumia taya.