Kuhamisha data ya utafiti kwa rsync bila kupoteza faili hata moja

Timu iliyokusanya data ya kaya Kotido au Gulu hurudi na kompyuta yenye mamia ya faili, na zote zinatakiwa zifike kwenye seva Kampala. Ukiziburuta kwa kipanya, kisha umeme ukaondoka au bando likaisha, hujui zipi zimefika nzima. Tumia rsync, programu ya kunakili faili kati ya kompyuta, pamoja na sha256sum, inayoonyesha kama faili imebadilika. Kwa kawaida zote mbili zimo tayari ndani ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Kwenye Windows utazipata kupitia WSL, sehemu inayoendesha Linux ndani ya Windows.

Kwanza tenga folda. `ghafi` ni ya data kama ilivyotoka uwanjani, haiguswi. `safi` ni ya kufanyia kazi. Majina ya faili yasiwe na nafasi, na tarehe ianze na mwaka, kama `kaya_2024-03-07.csv`, ili zijipange zenyewe.

Siku hiyohiyo data inapotoka kwenye simu za wahoji, piga alama za faili zote, kisha zifunge zile za CSV zisiandikwe juu yake:

```
cd ghafi
find . -type f -print0 | xargs -0 sha256sum > ../ghafi.sha256
chmod a-w *.csv
cd ..
```

Kila faili hupata alama ya herufi na tarakimu 64. Baiti moja ikibadilika, alama inakuwa nyingine kabisa. Usichelewe: alama iliyopigwa baada ya wiki haiwezi kukuambia kilichoharibika ndani ya wiki hiyo.

Sasa jaribu safari bila kutuma kitu. Herufi `n` ndiyo inayozuia. Badala ya `mtumiaji@seva` weka jina lako la kuingilia na anwani ya seva yako:

```
rsync -avn ghafi/ mtumiaji@seva:/data/kaya/ghafi/
```

Soma orodha inayotokea. Mkwaju (`/`) wa mwisho baada ya `ghafi` ya kwanza una maana: ukiusahau, utapata `ghafi/ghafi` kwenye seva. Folda `/data/kaya` iwe imeshatengenezwa, la sivyo amri itagoma.

Orodha ikiwa sawa, tuma:

```
rsync -avz --partial-dir=.sehemu --ignore-existing --bwlimit=150 ghafi/ mtumiaji@seva:/data/kaya/ghafi/
rsync -av ghafi.sha256 mtumiaji@seva:/data/kaya/
```

Mtandao ukikatika, rudia amri ileile. Kipande kilichofika hungoja ndani ya `.sehemu` na safari huendelea. Wengi hutumia `--partial` peke yake, lakini hiyo huacha kipande kikiwa na jina kamili la faili, na mwenzako anaweza kukichambua akidhani ni kizima. `--bwlimit=150` hupunguza kasi hadi kilobaiti 150 kwa sekunde ili wenzako ofisini nao wapate mtandao. `z` hubana data. Inasaidia sana kwa CSV, ila kwa picha za JPEG haina faida.

Kwenye seva, hakiki:

```
cd /data/kaya/ghafi
sha256sum -c --quiet ../ghafi.sha256
```

Ikikaa kimya, kila kitu kiko sawa. Ikiandika `FAILED`, faili imebadilika au haipatikani, na mara nyingi kosa si la mtandao. Mtu amefungua CSV kwa Excel akaihifadhi: namba za simu zinazoanza na 077 zimebaki 77, sifuri imeondoka. Bila `--ignore-existing`, rsync ingeichukua faili hiyo iliyoharibika na kuiandika juu ya nakala nzuri ya seva. Kwa hiyo hakiki kwenye kompyuta yako pia kabla ya kila safari.

`--delete`, inayofuta kwenye seva faili zisizokuwepo kwenye chanzo, iache kabisa kwa data ghafi. Diski chanzi ikiwa haijaunganishwa vizuri, folda huonekana tupu, na rsync itafuta nakala ili ifanane na utupu huo.

Ukitumia flashi yenye FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, faili ya gigabaiti 4 au zaidi haiingii. Kwa flashi hiyo weka `-rtv --modify-window=2` badala ya `-av`, kwa kuwa FAT32 huhesabu muda kwa hatua za sekunde 2 na haitunzi ruhusa za Linux.

Faili inayounganisha majina ya wahojiwa na namba zinazowakilisha majina hayo kwenye data isisafiri na nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inakudai uilinde. Iweke kwenye `majina`, nje ya `ghafi`, kwenye diski iliyosimbwa. Na simu za wahoji zisifutwe mpaka uhakiki ukae kimya pande zote mbili.