Shira ya asmini: usichemshe maua

Uani asmini zikijaa, chuma vitumba wakati wa magharibi, vile vyeupe vilivyonona vinavyotaka kufunguka. Chemsha kikombe cha sukari na kikombe cha maji mpaka sukari iyayuke, epua, acha ipoe kabisa. Hapo ndipo utie maua, kikombe kizima, yasiwe na vikonyo vya kijani maana vinatia uchungu. Funika, acha usiku kucha, chuja alfajiri, kamulia ndimu kidogo, weka kwenye friji na uitumie ndani ya wiki.

Harufu ya asmini ni mafuta mepesi, hupaa na mvuke. Ukichemsha inanukia jikoni, kwenye shira haimo. Na ua hili hufunguka usiku, kwa hivyo humwaga harufu yake humo humo ndani ya shira.

Maua ya mchana hayafai, yameshachoka. Yakigeuka rangi ya kahawia, tupa. Vikuba, yaani vishada vya asmini vya kujipamba, vya kununua usitumie kamwe, huenda vimetiwa manukato au dawa. Kwa kaimati shira hii ni nyepesi mno, lakini kwenye maziwa baridi au sharubati ya ndimu, mashallah.