Konsila ya kuficha madoa ya chunusi
Kosa kubwa ni kununua konsila nyeupe kuliko ngozi yako: ikikaa juu ya doa jeusi hugeuka kijivu, kama majivu. Ukiwa dukani Kisumu, paka kwenye taya mistari 3 ya rangi zinazokaribiana, toka nje penye mwanga wa mchana, usubiri dakika 10, maana nyingine hukolea zikikauka. Nunua inayopotea kwenye ngozi.

Doa jeusi sana? Tanguliza konsila ya rangi ya chungwa, kidogo mno, juu ya doa pekee. Kisha konsila ya rangi ya ngozi yako: igongegonge kwa ncha ya kidole, usisugue, utaiondoa. Malizia kwa poda.

Joto na unyevu wa kando ya ziwa huyeyusha konsila ya mafuta. Chagua isiyo na mafuta. Chunusi iliyopasuka usiipake kabisa, tafadhali, hadi ikauke.